Daudi Kabaka: Sauti ya Nairobi iliyokosa jalada

Jina la marehemu Daudi Kabaka liliwafikia wapenzi wake wengi likiwa limechapishwa kwa herufi ndogo, kwenye kibandiko cha katikati ya santuri. Walioijua sauti yake walikuwa wengi kuliko walioijua sura yake.

Enzi hizo miji mikubwa ya ng'ambo ilikuwa ikijitangaza kupitia majalada ya muziki. Picha ya The Beatles wakivuka barabara ya Abbey Road, London, iliyopigwa Agosti 8, 1969, ilikifanya kivuko cha kawaida kuwa kivutio cha watalii. Muziki wa Nairobi, kwa upande wake, uliuzwa zaidi katika santuri ndogo za mizunguko 45, ndani ya bahasha ya karatasi yenye tundu katikati. Humo hamkuwa na nafasi ya mnara, mtaa wala uso wa mwimbaji. Aliyetaka kuuona mji huo ilimbidi ausikilize.

Kabaka alizaliwa mwaka 1939 katika familia yenye asili ya magharibi mwa Kenya, na alianza kurekodi angali kijana mdogo, katika miaka ya 1950. Jina lake lilivuma katika mwongo uliofuata, alipokuwa na studio ya Equator ya Nairobi. Huko alijumuika na Fadhili William, Gabriel Omolo na wanamuziki wawili kutoka Zambia, Peter Tsotsi na Nashil Pichen.

Kundi hilo liliuchukua mtindo wa twist uliokuwa umeenea duniani na kuuchanganya na kwela, muziki wa filimbi za mitaani uliochipuka katika vitongoji vya Johannesburg. Uhusiano huo na kusini mwa bara ungali unasikika jijini hata katika majina ya mahali: Kibera ina kijiji kiitwacho Soweto Mashariki. Kutokana na mchanganyiko huo kulizaliwa twist ya Kiafrika, na Kabaka akawa kinara wake. Kibao chake kimoja kiliitwa hivyo hivyo, African Twist.

Nyimbo zake zilikuwa za watu wa mjini. Msichana wa Elimu uligusa suala la ndoa katika taifa jipya lililothamini shule, na Harambee Harambee ukabeba wito wa kujitegemea uliofuata uhuru wa mwaka 1963. Jumba la mikutano la KICC, ambalo sasa ni alama ya jiji hilo, lilikamilika mwaka 1973, wakati nyimbo hizo tayari zilikuwa midomoni mwa watu.

Mwaka 1968 kundi la The Tremeloes la Uingereza liliurekodi upya wimbo wake Helule Helule, ukapanda hadi nafasi ya 14 katika chati ya nchi hiyo. Wimbo wa Nairobi ulikuwa umevuka bahari, lakini aliyeutunga hakujulikana na wengi waliokuwa wakiucheza huko. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Kabaka aliachana na Equator.

Fundi Konde alifariki dunia mwaka 2000. Fadhili William akafuata Februari 2001, na kabla ya mwaka huo kwisha Kabaka naye akaaga. Katika muda usiotimia miaka miwili Kenya ilikuwa imewapoteza waasisi watatu wa muziki wake wa kisasa.

Mwaka huo huo wa 2001 nchi ilipata Sheria mpya ya Hakimiliki. Sheria hiyo inailinda rekodi ya sauti kwa miaka 50 tangu mwisho wa mwaka iliporekodiwa, na utungo kwa miaka 50 baada ya mwaka aliofariki mtunzi. Kwa hesabu hiyo, ulinzi wa rekodi za miaka ya 1960 ulikwisha kufikia mwisho wa 2019, ilhali tungo za Kabaka zinalindwa hadi mwisho wa 2051.

Tofauti hiyo si ndogo. Santuri kuukuu, ambazo kwa miaka mingi zimekuwa zikisakwa katika soko la Kenyatta karibu na Kibera, zina wanunuzi hata kutoka ng'ambo, na nyimbo za zamani huchapishwa upya zikiwa na majalada ya kupendeza. Anayetaka kupamba jalada la namna hiyo kwa picha ya Nairobi ana hiari yake. Lakini jina la mtunzi halina budi kuandikwa kwa herufi zinazosomeka, na haki ya warithi wake kulipwa.