Kapteni Noel Chavasse: Daktari wa Jeshi Aliyetunukiwa Msalaba wa Victoria Mara Mbili

Msalaba wa Victoria ndiyo nishani ya juu kabisa ya ushujaa vitani nchini Uingereza. Tangu ilipoanzishwa mwaka 1856, ni watu watatu tu waliotunukiwa mara mbili, na wawili kati yao walikuwa madaktari. Mmoja wao ni Kapteni Noel Godfrey Chavasse, mtu pekee aliyeipata mara zote mbili katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia. Hakutunukiwa kwa kumshinda adui, bali kwa kuwafuata majeruhi mahali ambapo wengi waliamini kuwa hawafikiki tena.

Chavasse alizaliwa tarehe 9 Novemba, 1884 mjini Oxford. Alikuwa Doto, Kurwa wake, Christopher, alimtangulia kwa dakika 20. Baba yao, Francis James Chavasse, alikuwa kasisi wa Kanisa la Anglikana. Mwaka 1900 aliteuliwa kuwa Askofu wa Liverpool, na familia ikahamia katika mji huo wa bandari. Huko Noel aliushuhudia umaskini kwa karibu, akawa akijitolea kuwahudumia vijana wa shule ya ufundi ya Mtaa wa Grafton, iliyopokea watoto wa familia duni.

Mapacha hao walisoma pamoja katika Chuo cha Trinity, Oxford, ambako Noel alihitimu kwa daraja la kwanza mwaka 1907. Mwaka uliofuata wote wawili waliiwakilisha Uingereza katika mbio za mita 400 kwenye Michezo ya Olimpiki ya London, ingawa hakuna aliyevuka hatua ya mchujo. Baada ya hapo Christopher alifuata nyayo za baba yao katika ukasisi, naye Noel akaendelea na masomo ya udaktari. Alisajiliwa kuwa daktari mwaka 1912, akafanya kazi katika Hospitali ya Royal Southern mjini Liverpool chini ya Robert Jones, bingwa mashuhuri wa upasuaji wa mifupa.

Mwaka 1913 Chavasse alijiunga na Kikosi cha Tiba cha Jeshi la Uingereza, akapangiwa kuwa daktari wa batalioni ya Liverpool Scottish. Vita vilipozuka mwaka 1914, batalioni hiyo iliitwa, na mwezi Novemba ikavuka bahari kwenda Ufaransa, kisha ikaingia katika mahandaki ya Ubelgiji karibu na mji wa Ypres.

Kazi yake ya kwanza haikuwa ya kishujaa machoni pa watu. Majira ya baridi askari walisimama siku nzima katika maji na matope, na miguu yao ikavimba na kuoza. Udongo wa mashamba hayo, uliorutubishwa kwa samadi kwa vizazi vingi, ulibeba vijidudu vya pepopunda, hivyo hata kidonda kidogo kingeweza kuua. Chavasse alisimamia chanjo ya homa ya matumbo, alihimiza usafi wa maji ya kunywa na utunzaji wa miguu, na aliwaandikia jamaa zake nyumbani akiomba soksi za askari. Wale waliokaribia kuvunjika moyo kwa mishindo ya makombora hakuwahesabu kuwa waoga. Aliwatafutia kazi nyepesi karibu naye hadi walipopata nafuu.

Tarehe 16 Juni, 1915 batalioni ilishambulia huko Hooge, mashariki ya Ypres. Kati ya maofisa na askari 542 walioingia vitani, takriban 400 waliuawa, walijeruhiwa au walipotea. Chavasse alizunguka kati ya mistari ya majeshi mawili akiwatafuta walio hai. Kwa kazi hiyo alitunukiwa Msalaba wa Kijeshi.

Kwa utaratibu wa kawaida, daktari wa batalioni alisubiri katika kituo cha huduma ya kwanza, na wabeba machela ndio waliomletea majeruhi. Utaratibu huo ulikuwa na sababu ya msingi, kwani daktari akiuawa, mamia ya askari hubaki bila tiba. Lakini majeruhi aliyelala shimoni mbele ya bunduki za adui angeweza kufa kwa kuvuja damu kabla ya kuonekana. Kati ya hatari hizo mbili, Chavasse alichagua mara kwa mara kutoka nje.

Uamuzi huo ulidhihirika tarehe 9 Agosti, 1916 huko Guillemont, katika mapigano ya mto Somme nchini Ufaransa. Mchana kutwa aliwatibu majeruhi mahali pa wazi, mara nyingi akionekana na adui. Usiku alitumia saa nne kuwatafuta wengine mbele ya mistari ya Wajerumani. Kesho yake, akiwa na mbeba machela mmoja, alimbeba majeruhi mahututi umbali wa takriban mita 450 chini ya makombora, na wakati wa kurejea akajeruhiwa ubavuni. Usiku huo huo aliongoza watu 20 waliojitolea, akawaokoa majeruhi watatu waliokuwa takriban mita 23 tu kutoka handaki la adui.

Katika safari hiyo alifanya jambo jingine. Aliwazika maofisa wawili na kukusanya vibati vya utambulisho vya askari waliokufa, huku akirushiwa mabomu na risasi. Vibati hivyo havikuokoa uhai wa mtu, lakini viliziwezesha familia kujua yaliyowapata vijana wao. Kwa kazi ya siku hizo mbili, iliyookoa watu wapatao 20 waliojeruhiwa vibaya, alitunukiwa Msalaba wa Victoria wa kwanza.

Mwanzoni mwa Julai 1917, mdogo wake, Aidan, alipotea vitani karibu na Ypres. Mwili wake haukupatikana. Familia ya daktari aliyewatafutia wengine habari za wapendwa wao ikabaki bila kaburi la kulizuru.

Tarehe 31 Julai mapigano makubwa ya tatu ya Ypres yalianza. Chavasse alijeruhiwa kichwani mapema, wakati akimpeleka majeruhi kituoni. Jeraha lilifungwa, naye akakataa kuondoka. Kwa siku mbili, karibu bila chakula, aliendelea kutibu na kutoka nje kuwatafuta waliolala matopeni. Alfajiri ya tarehe 2 Agosti kombora liliangukia kituo chake na kumjeruhi vibaya tumboni. Alijikokota nje kutafuta msaada, akapelekwa hospitali ya uwanja wa vita huko Brandhoek na kufanyiwa upasuaji. Alifariki dunia tarehe 4 Agosti, 1917 akiwa na umri wa miaka 32, akimwacha mchumba wake, Gladys. Msalaba wa Victoria wa pili ulitangazwa mwezi Septemba, yeye akiwa kaburini.

Ndani ya mwezi mmoja Askofu Chavasse na mkewe walipoteza wana wawili kati ya wanne, wote wakiwa wamekwenda vitani. Christopher, aliyekuwa kasisi wa jeshi, alirejea salama na baadaye akawa Askofu wa Rochester.

Kaburi la Kapteni Chavasse liko Brandhoek, Ubelgiji, na jiwe lake limechongwa alama mbili za Msalaba wa Victoria. Urithi wake mkubwa zaidi ulikuwa askari wa Liverpool Scottish waliorudi makwao wakiwa hai kwa sababu daktari wao aliwafuata, pamoja na familia ambazo, kwa kibati kidogo alichokiokota gizani, zilijua walipolala wana wao.