Henry Jacob Bigelow, Tabibu wa Nyonga

Bwana Henry Jacob Bigelow alizaliwa mjini Boston, Marekani, mwaka 1818. Zamani zile mtu aliyeteguka nyonga alifungwa kamba na roda, mguu ukavutwa kwa nguvu nyingi. Yalikuwa mateso makuu, na pengine mfupa haukurudi. Bigelow alichunguza maiti, akaona mbele ya nyonga ukano mgumu, wenye sura ya herufi Y. Kumbe kuvuta mguu ulionyoka ni kuukaza ukano huo! Basi katika kitabu chake cha mwaka 1869 alifundisha kwamba mgonjwa apewe etha alale, awekwe chali sakafuni, paja likunjwe ili ukano ulegee, ndipo liinuliwe na kuzungushwa kwa mikono mitupu. Alifariki mwaka 1890. Hata leo matabibu wengi hulikunja paja kwanza.