Holger Nielsen: Mwalimu aliyeanzisha mpira wa mikono, kisha akatafuta njia ya kuokoa waliozama

Mwaka 2018, wanafunzi wa sekondari kutoka kila kona ya nchi walipokutana Butimba, Mwanza, kwa mashindano ya UMISSETA, mpira wa mikono ulikuwa mmoja wa michezo yao. Kilomita chache tu kutoka pale, ziwa. Watu wanavua, wanaogelea, wanapanda boti kwenda visiwani, na wengine hawarudi.

Mchezo ule na ziwa hili, kwa namna ya ajabu kidogo, vinakutana kwa mtu mmoja. Anaitwa Holger Nielsen, Mdenishi aliyefariki mwaka 1955. Wengi wanaorusha mpira wake hawajawahi kusikia jina lake.

Askari aliyepeleka silaha Olimpiki

Holger Louis Nielsen alizaliwa Copenhagen, Denmark, tarehe 18 Desemba 1866. Aliingia jeshini akawa ofisa, na huko akapata mapenzi ya viungo: kukimbia, kulenga shabaha, kupigana kwa upanga.

Mwaka 1896, Olimpiki ya kwanza ya zama hizi ilipofanyika Athens, Ugiriki, Denmark ilipeleka wanamichezo watatu tu. Nielsen, akiwa na miaka 29, alikuwa mmoja wao. Alishiriki kulenga shabaha kwa bastola, upanga, na hata kurusha kisahani.

Katika bastola ya mita 30 alishika nafasi ya pili nyuma ya Mmarekani Sumner Paine. Bastola ya mita 25 akawa wa tatu. Kwenye upanga napo akawa wa tatu, katika shindano lililolazimika kuanza upya kwa sababu familia ya kifalme ya Ugiriki ilichelewa kufika, na mapambano ya mwanzo yakafutwa.

Kwa hesabu ya leo hizo ni medali tatu: fedha moja na shaba mbili. Ila wakati ule wa tatu hakuvishwa kitu. Mpangilio wa dhahabu, fedha na shaba ulikuja baadaye, ndipo majina ya zamani yakawekwa kwenye orodha.

Vioo vya shule vyaleta mchezo mpya

Miaka miwili baadaye, 1898, Nielsen alikuwa mwalimu wa michezo katika shule ya Ordrup, kaskazini mwa Copenhagen. Tatizo lake lingeeleweka na mwalimu yeyote wa mjini Mwanza: watoto wengi, uwanja mdogo.

Inasimuliwa kwamba vijana walikuwa wakipiga mpira wa miguu kwenye uwanja wa shule na vioo vya madirisha vinaenda. Mpira wa miguu ukapigwa marufuku pale. Lakini mtoto ukimnyang'anya mchezo mmoja, anatafuta mwingine. Wakaanza kurushiana mpira kwa mikono.

Nielsen hakuwakataza. Alikaa akawatazama, akaona kuna kitu. Akaweka goli, akaweka mipaka, akaamua nani anaruhusiwa kufanya nini na mpira ukiwa mkononi. Mwaka 1906 kanuni zake zikachapishwa katika kijitabu. Mchezo ukaitwa kwa Kidenishi jina lenye maana hiyo hiyo tunayotumia sisi: mpira wa mikono.

Haki yake apewe, lakini hakuwa peke yake. Ujerumani, Max Heiser alitunga mchezo wa namna hiyo kwa wanawake wa Berlin mwaka 1917, na Karl Schelenz akauboresha mwaka 1919. Wajerumani walicheza nje, uwanja mkubwa, watu 11 kila upande. Nchi za kaskazini, kwa sababu ya baridi kali, ziliupenda zaidi ndani ya ukumbi, watu saba kwa saba. Huo wa saba ndio uliokuja kushinda, na ndio unaochezwa leo.

Kazi ya uzeeni

Hapa ndipo maisha ya Nielsen yanapogusa watu wa ziwani.

Mwaka 1932, akiwa na miaka 65 na cheo cha luteni kanali, alitangaza njia mpya ya kumrudishia pumzi mtu aliyezama majini. Njia iliyotumika sana kabla ya hapo ilikuwa ya Edward Schäfer wa Uingereza, ya mwaka 1903: aliyezama analazwa kifudifudi, mwokoaji anamkandamiza mgongo. Shida yake ni kwamba ilitoa hewa tu. Kuiingiza tena mapafuni, hakuna kilichosaidia.

Nielsen akaongeza hatua moja. Aliyezama analazwa kifudifudi, viwiko vimekunjwa, kichwa juu ya mikono yake. Mwokoaji anapiga magoti upande wa kichwa. Anakandamiza mgongo, hewa inatoka. Kisha anamshika karibu na viwiko na kuinua mikono, kifua kinapanuka, hewa inaingia. Anarudia hivyo mara 12 hivi kwa dakika.

Ni kazi ya mtu aliyekaa miaka mingi na miili ya watu: mwalimu wa mazoezi anayejua mkono ukiinuliwa, kifua kinafanya nini. Haikuhitaji mashine wala daktari. Kijana wa ufukweni angeweza kufundishwa mchana mmoja.

Njia hiyo ilishika kwanza nchi za kaskazini mwa Ulaya. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, baada ya majaribio kuonyesha kwamba inaingiza hewa nyingi kuliko ile ya Schäfer, Marekani na Uingereza nazo zikaichukua. Kwa miaka kadhaa, jina la Holger Nielsen likajulikana zaidi kwa waokoaji kuliko kwa wanamichezo.

Aliyoyaona na asiyoyaona

Mpira wa mikono uliingia Olimpiki mwaka 1936 Berlin, lakini ule wa nje wa watu 11. Ujerumani ilichukua dhahabu. Mwaka 1938 kombe la kwanza la dunia la ukumbini lilichezwa Berlin kwa timu nne tu, na timu ya taifa ya wanaume ya Denmark ikamaliza ya nne, yaani ya mwisho. Mwaka 1946 shirikisho la kimataifa la mchezo huo likaundwa Copenhagen, mji aliozaliwa. Mzee alikuwa na miaka 79.

Alifariki tarehe 26 Januari 1955, akiwa na miaka 88. Hakuuona mchezo wa ukumbini ukiingia Olimpiki mwaka 1972 Munich. Wala hakuiona Denmark ikitwaa ubingwa wa dunia kwa wanaume. Hilo lilichukua muda mrefu sana: mwaka 1967 walifika fainali wakafungwa na Czechoslovakia, na kombe lenyewe walilishika mara ya kwanza mwaka 2019. Baada ya hapo hawakulitoa mkononi: 2021, 2023 na 2025 wakalichukua tena. Dhahabu za Olimpiki za 2016 na 2024 nazo ni zao.

Afrika, wenye nguvu ni Misri, Tunisia na Algeria. Tunisia ilifika nafasi ya nne duniani mwaka 2005, Misri mwaka 2001. Kongo ya Kinshasa ilicheza kombe la dunia la wanaume kwa mara ya kwanza mwaka 2021. Tanzania bado haijafika huko. Mbegu ipo shuleni na kwenye timu za majeshi, ila safari ni ndefu. Denmark wenyewe, wenye mchezo, walisubiri zaidi ya miaka 80 tangu kombe la kwanza.

Somo linalobaki kwa watu wa ziwa

Njia ya Nielsen ya kuokoa haifundishwi tena. Mwishoni mwa miaka ya 1950 madaktari walithibitisha kuwa kumpulizia mtu pumzi mdomoni kunafaa zaidi, na mwaka 1960 kukaongezwa kukandamiza kifua. Hiyo ndiyo huduma ya kwanza ya leo kwa aliyezama na hapumui: alazwe chali, apuliziwe pumzi, akandamizwe kifua kwa nguvu na kwa haraka, bila kupoteza dakika kujaribu kumkamua maji tumboni, huku mwingine akiita msaada.

Wazo lake, hata hivyo, halijazeeka: kwamba mtu wa kawaida aliye karibu ndiye daktari wa kwanza.

Kanda ya Ziwa inalijua hilo kwa uchungu. Tarehe 21 Mei 1996 MV Bukoba ilizama ikiwa imekaribia Mwanza, ikaondoka na mamia ya watu. Tarehe 20 Septemba 2018 MV Nyerere ikapinduka karibu na Ukara, wakafa zaidi ya 220. Mara zote mbili, wavuvi na mitumbwi yao walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika. Na katikati ya misiba hiyo mikubwa kuna ile midogo isiyotangazwa: mtoto aliyekwenda kuchota maji, mvuvi wa dagaa aliyekutwa na dhoruba usiku.

Nielsen alifundisha vitu viwili kwa mikono: kurusha mpira na kumrudishia mtu pumzi. Shule za kando ya ziwa tayari zinafundisha cha kwanza. Cha pili, kwa njia yake mpya, kinahitaji mwalimu anayejua, sakafu safi na mchana mmoja tu.