Habari za Maisha ya Julius Kambarage Nyerere na Azimio la Arusha

Mtu apitaye mjini Arusha karibu na Mnara wa Mwenge aweza kuiona nyumba moja isiyo ya fahari, ambayo siku hizi ni makumbusho. Zamani ilikuwa ukumbi wa watu wa mji. Humo, tangu tarehe 26 hata 29 Januari 1967, walikutana wakubwa wa chama cha TANU, wakashauriana jambo lililokuwa likiwasumbua watawala wengi wa dunia: nchi maskini itaendeleaje? Aliyewaongoza alikuwa mwalimu wa shule, Julius Kambarage Nyerere.

Alizaliwa Butiama mwaka 1922, mwana wa Nyerere Burito, mtemi wa Wazanaki, na mama yake Mugaya. Alipokuwa na umri wa miaka 12 akapelekwa shule Musoma, kisha Tabora. Mwaka 1943 alibatizwa katika Kanisa Katoliki, akaitwa Julius. Alisoma Makerere, akafundisha Tabora, na mwaka 1949 akaenda Edinburgh, Uskochi, akakaa huko mpaka 1952.

Yafaa tukumbuke mambo yaliyokuwa yakitendeka huku kwetu siku zile. Vita kuu ilipokwisha, serikali ya Waingereza iliona kwamba kuistawisha nchi ni kazi ya wataalamu, fedha na mashine. Tangu 1947 walilima karanga Kongwa, Urambo na Nachingwea. Trekta zikaletwa kwa wingi, lakini ardhi ya Kongwa ilikuwa ngumu na mvua haba. Mwaka 1951 kazi ikavunjika, na paundi milioni 36 hivi zilikuwa zimepotea. Wenyeji waijuao mvua ya Ugogo hawakuulizwa neno.

Mwaka ule ule wa 1951 msiba uliwapata Wameru. Serikali ilitaka nchi ya Engare Nanyuki igawanywe iwe mashamba ya mifugo ya Wazungu, maana ilidhani kwamba wao wataitumia vizuri zaidi. Watu wapata 3,000 waliondolewa, na nyumba zao zikateketezwa. Kwa shauri lile hayo nayo yaliitwa ustawi wa nchi. Wameru hawakuchukua silaha. Walichanga fedha, wakampeleka Kirilo Japhet mpaka New York pamoja na mwanasheria Earle Seaton, na mwaka 1952 Kirilo akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kuwanenea watu wake. Katika mkutano mkuu shauri lao lilikosa theluthi mbili za kura, na ardhi haikurudishwa wakati ule. Lakini habari hiyo ilienea katika Tanganyika yote, na watu wakajua kwamba mnyonge aweza kusikiwa mbali. Nyerere alipokwenda New York mwaka 1955, alipita katika njia ambayo Mmeru alikuwa ameitangulia.

Habari za TANU iliyoanzishwa tarehe 7 Julai 1954, na za Uhuru wa tarehe 9 Desemba 1961, zajulikana na wengi, tusikawie hapo. Neno la kuangalia ni hili, kwamba serikali mpya nayo ilianza kwa mawazo ya wale waliotoka. Benki ya Dunia ilitoa mashauri, na mpango wa miaka mitano ulioanza 1964 ulitegemea sehemu kubwa ya fedha kutoka ng'ambo. Vijiji vipya vilijengwa kwa gharama kubwa, vikapewa trekta. Wakazi wake wakangoja serikali iwafanyie kila kitu, hata mwaka 1966 mpango ule ukaachwa.

Tena fedha za ng'ambo zilikuwa na kamba. Mwaka 1965 Ujerumani ya Magharibi iliondoa sehemu ya msaada wake kwa sababu ya ofisi ya Ujerumani ya Mashariki. Mwezi wa Desemba mwaka huo Tanzania ilivunja urafiki na Uingereza kwa ajili ya mambo ya Rhodesia, na mkopo wa paundi milioni saba na nusu ukazuiliwa. Nyerere alitambua kwamba mtu akiishi kwa mkono wa mwingine, hana budi kuutazama uso wake kabla ya kusema.

Ndiyo maana ya yale yaliyoamuliwa Arusha. Azimio lilikana kwamba fedha ni mwanzo wa maendeleo. Fedha ni matunda ya kazi. Mambo ya kwanza ni watu, ardhi, siasa safi na uongozi mwema, na kilimo kitangulie kuliko viwanda. Viongozi wakakatazwa kuwa na hisa katika makampuni, kupokea mishahara miwili, na kupangisha nyumba. Sharti hilo liliwachoma wengi, na pengine ndilo lililowafurahisha watu wadogo kuliko yote. Azimio likatangazwa tarehe 5 Februari, na kesho yake mabenki yakawa mali ya taifa. Mwezi wa Machi ikafuata Elimu ya Kujitegemea, ili mtoto asisome kwa kuidharau jembe la baba yake.

Mwezi wa Oktoba 1970 Nyerere alinena huko New York na masista wa Maryknoll, akawaambia kwamba Kanisa lisiposhiriki katika kuyapinga mambo yanayowaweka watu katika umaskini, litahesabiwa kuwa upande wa wadhalimu. Neno hilo lilikuwa zito hata kwa sisi tusio wa kanisa lake.

Lakini tusimwandike kana kwamba hakukosa. Alikuwa amefundisha kwamba watu huendelea wenyewe, wala hawaendelezwi na mwingine. Hata hivyo mwezi wa Novemba 1973 akaamuru watu wote wa mashambani wawe katika vijiji kabla ya kwisha mwaka 1976. Mahali pengi walihamishwa kwa nguvu, na nyumba nyingine zikachomwa. Kwenye miteremko ya Meru, penye migomba na kahawa, watu walikuwa wamekwisha kukaa karibu karibu, basi wengi walibaki mahali pao. Lakini mzee wa Kimeru aliyeyaona ya 1951, akisikia habari za moshi wa mikoa mingine, alikuwa na la kukumbuka. Tena ni ajabu kwamba nchi iliyohubiri kujitegemea ilipendwa sana na wafadhili wa Ulaya, hata ikapokea misaada mingi kupita nchi nyingi za Afrika.

Bei ya mafuta ikapanda, vita na Idi Amin vikaja mwaka 1978, na duka likakosa sukari na sabuni. Shirika la Fedha la Kimataifa likataka shilingi ishushwe thamani na matumizi yapunguzwe, Nyerere akakataa. Mwaka 1980 wajumbe wa nchi nyingi wakakutana Arusha, wakadai amri za fedha duniani zisitungwe na matajiri peke yao. Matajiri hawakusikia. Nyerere aliacha urais mwaka 1985 kwa hiari yake, na mwaka uliofuata serikali ikapatana na Shirika lile. Mwaka 1991 masharti ya viongozi yakalegezwa Zanzibar.

Uzeeni aliongoza Tume ya nchi za Kusini, iliyotoa taarifa yake mwaka 1990. Kisha alizitunga Injili nne na Matendo ya Mitume kwa tenzi za Kiswahili, kazi ya uvumilivu mwingi. Tangu 1998 alirudi Arusha mara nyingi, akiwapatanisha Warundi. Akafa London tarehe 14 Oktoba 1999, akazikwa Butiama. Kazi ya Warundi ikashikwa na Nelson Mandela, na mkataba ukatiwa sahihi Arusha tarehe 28 Agosti 2000.