Livingstone: Mali yake iliuzwa Ujiji, mwili wake ukafikishwa pwani salama

Kusini kidogo mwa Bujumbura, pale Mugere kwenye njia ya kwenda Rumonge, lipo jiwe kubwa lililochongwa majina mawili, Livingstone na Stanley, pamoja na tarehe 25 Novemba 1871. Wageni wengi huondoka wakiamini kwamba hapo ndipo Wazungu hao walipokutana mara ya kwanza. Sivyo. Walikutana Ujiji, karibu na Kigoma, mwezi huohuo wa Novemba. Mugere walifika pamoja kwa mtumbwi, na mmoja wao alikuwa ametoka kupoteza karibu mali yake yote.

David Livingstone alizaliwa tarehe 19 Machi 1813 katika mji wa Blantyre, Scotland. Familia yake iliishi katika chumba kimoja, ndani ya jengo la wafanyakazi wa kiwanda cha pamba. Alipofikisha miaka 10 aliingizwa kiwandani kuunga nyuzi zilizokatika kwenye mashine, kuanzia saa 12 asubuhi hadi saa 2 usiku. Baada ya kazi alikwenda shule ya usiku. Kwa mshahara huo wa pamba alijisomesha udaktari mjini Glasgow, na mwaka 1841 alifika Afrika Kusini akiwa mmisionari.

Kazi ya kuhubiri haikumletea waumini wengi, ila safari zilimpa jina. Kati ya 1854 na 1856 alivuka bara kutoka Luanda hadi Quelimane, na njiani akaona maporomoko ya Mosi-oa-Tunya. Safari yake ya pili, ya Mto Zambezi, ilianza 1858 na kuishia 1864 bila mafanikio aliyoahidi. Mke wake, Mary, alifia huko mwaka 1862.

Mwaka 1866 alirudi kupitia Zanzibar kutafuta chanzo cha Mto Nile. Mfanyabiashara yeyote wa leo angeielewa hesabu ya safari hiyo. Bara hapakuwa na sarafu wala benki. Fedha ilikuwa merikani, kaniki, shanga na nyaya za shaba. Kila kijiji kilikuwa na shanga zake kilizozitaka, na aliyebeba rangi isiyotakiwa alilala njaa. Mtoto wa kiwanda cha pamba sasa aliishi kwa kukata kitambaa, yadi baada ya yadi, kulipia chakula, mitumbwi na ruhusa ya kupita.

Mizigo ilimfuata kutoka Zanzibar kwa mikono ya watu wengine. Baadhi iliibwa na baadhi ilicheleweshwa. Mara nyingi alijikuta akiwategemea wafanyabiashara wa Kiarabu na Waswahili ambao biashara yao ya watumwa aliipinga kwa nguvu zote. Tippu Tip alimsaidia mwaka 1867. Misafara ya watu wa aina hiyo ndiyo iliyomfikisha Ujiji mwaka 1869 akiwa mgonjwa, na baadaye Nyangwe, kando ya Mto Lualaba katika Kongo ya leo.

Nyangwe palikuwa na soko kubwa. Wanawake walivuka mto na samaki, mihogo, vyungu na kuku, wakabadilishana bidhaa na kurudi makwao. Tarehe 15 Julai 1871, watu wa misafara ya pwani walifyatua bunduki katikati ya soko hilo. Waliokufa kwa risasi na kwa kuzama mtoni walikadiriwa kuwa kati ya 300 na 400, wengi wao wanawake. Livingstone alikuwa pale na aliyaona kwa macho yake. Alishindwa kuendelea kufuatana na watu hao, akarudi Ujiji kwa miguu akiwa amedhoofu sana.

Alifika Ujiji Oktoba 1871 akitarajia kukuta bidhaa alizotumiwa. Zilikuwa zimekabidhiwa kwa mtu mmoja aitwaye Sherif. Kati ya yadi 3,000 za kitambaa na ratili 700 za shanga, hakukuta yadi wala uzi wa shanga. Sherif alikuwa amepiga ramli, akasema mwenye mali amekufa, kisha akauza kila kitu kwa rafiki zake apate pembe za ndovu. Alipomwona Livingstone yu hai, alimwendea kumpa mkono bila haya.

Mfanyabiashara mwingine wa mji huohuo, Said bin Majid, alijitolea kuuza sehemu ya pembe zake ili ampatie bidhaa. Livingstone alimshukuru, akaomba wasubiri kwanza. Siku chache baadaye msafara wa Henry Morton Stanley, mwandishi wa gazeti la New York Herald, uliingia Ujiji ukiwa na bidhaa tele.

Ndipo wawili hao wakapanda mtumbwi kuelekea kaskazini mwa Ziwa Tanganyika. Wasomi wa Ulaya walikuwa wakibishana kama Mto Rusizi unatoka ziwani kwenda Nile au unaingia ziwani. Wapo wakazi wa huku waliokuwa wakijua jibu. Wageni hao walitaka kujionea wenyewe. Walifika mdomoni mwa mto na kukuta maji yanaingia ziwani. Ubishi ukaisha.

Stanley alimsindikiza hadi Kwihara, jirani na Tabora, wakakaa pamoja katika tembe. Machi 1872 waliagana. Stanley aliondoka na barua pamoja na maandishi ya Livingstone, yakiwemo maelezo ya mauaji ya Nyangwe. Habari hizo zilichochea hasira Uingereza, na tarehe 5 Juni 1873 Sultani wa Zanzibar alitia saini mkataba wa kufunga masoko ya watumwa. Livingstone hakujua. Alikuwa amefariki mwezi mmoja kabla, mwanzoni mwa Mei, katika kijiji cha Chitambo, Zambia ya leo.

Waliobaki na maiti walikuwa wapagazi na watumishi wake, wakiongozwa na Abdullah Susi na James Chuma. Wangeweza kumzika palepale, wakagawana vitu na kutawanyika. Badala yake waliuzika moyo wake chini ya mti, wakaukausha mwili kwa chumvi na jua, wakaandika orodha ya mali yake na kuanza safari ya kwenda pwani. Walitembea zaidi ya kilomita 1,500 kwa miezi tisa. Huko Unyanyembe, Mwingereza Cameron aliwashauri wauzike mwili hapo, wakakataa. Mbele zaidi, wenyeji walipozuia maiti kupita, waliufunga upya ukafanana na mtumba wa kawaida wa kitambaa, wakapita nao.

Februari 1874 waliukabidhi Bagamoyo, pamoja na madaftari na vifaa. Walilipwa mishahara yao wakaambiwa waende zao. Ni Jacob Wainwright peke yake aliyesafiri na jeneza hadi London, ambako Livingstone alizikwa katika kanisa la Westminster Abbey tarehe 18 Aprili 1874. Susi na Chuma waliitwa Uingereza baada ya mazishi, wakasaidia kuyapanga madaftari yake yachapishwe.

Nyumba aliyozaliwa nayo ilikaribia kupotea. Katika miaka ya 1920 jengo la Blantyre lilikuwa limechakaa na lilikuwa libomolewe. Watu walichanga fedha, likanunuliwa na kufunguliwa kuwa makumbusho mwaka 1929. Hadi leo linatunzwa na mfuko wa wadhamini, kwa msaada wa watu wanaojitolea. Lilipofunguliwa tena mwaka 2021 baada ya matengenezo makubwa, habari za Susi, Chuma na wenzao zilipewa nafasi kubwa zaidi kuliko zamani.

Upande wetu yapo makumbusho ya Ujiji, tembe la Kwihara na jiwe la Mugere. Vyote vitatu viko katika njia ambazo wafanyabiashara wa Uvira, Bujumbura, Kigoma na Tabora huzipita na mawese, dagaa na vitenge. Atakayesimama Mugere atasoma majina mawili tu. Waliopiga makasia kuwafikisha hapo hawakuchongwa kwenye jiwe, na kuwataja ni kazi ya wenyeji wanaowaeleza wageni habari za mahali hapo.