Misiani: Ulimi Mkali, Sauti Laini

Marehemu Daniel Owino Misiani hukumbukwa zaidi kwa ukali wake. Husimuliwa kuwa ni mwimbaji aliyewasema wakubwa, akatiwa ndani, akatoka, akawasema tena. Hayo ni kweli. Lakini anayemjua kwa upande huo tu amemjua nusu, kwani mtu huyo alikuwa pia fundi wa nyimbo za mapenzi na za sifa, na hizo ndizo zilizomfungulia milango ya watu.

Alizaliwa tarehe 22 Februari 1940 katika kijiji cha Nyamagongo, pande za Shirati, mkoa wa Mara, Tanzania. Kutoka huko hadi Migori si mbali. Mpaka waliouchora wakoloni umewapita Wajaluo katikati, na huku na huku lugha ni moja na ziwa ni moja. Jamaa zake walikuwa watu wa kanisa walioshika dini, na gitaa kwao lilikuwa jambo la aibu. Inasimuliwa kwamba gitaa lake la kwanza lilivunjwa na babake mwenyewe. Hadithi hiyo kwetu pwani si ngeni. Ni wangapi waliokatazwa udi na fidla na wazee wale wale waliowapeleka chuoni!

Katika miaka ya 1960 alivuka akaingia Kenya. Siku hizo Migori na Homa Bay zilikuwa wilaya moja, Nyanza Kusini. Bendi yake ilibadili majina na wapigaji mara nyingi, hata jina lililodumu likawa Shirati Jazz, kwa ukumbusho wa alikotoka.

Muziki wake ni benga. Asili yake ni nyatiti, ala ya Wajaluo yenye nyuzi nane, ambayo mapigo yake yalihamishiwa kwenye gitaa. Masikio ya pwani yaliyozoea taarabu huenda yakasikia mbio tu, na sababu ni kwamba wengi wetu husikia mwisho wa wimbo. Mwanzoni waimbaji huimba kwa sauti mbili zilizoshikana, polepole, gitaa likijibu kila neno. Maneno yakishatulia moyoni, ndipo sauti hunyamaza na magitaa yakaachiwa njia.

Katika sehemu hiyo ya upole, mapenzi hayaimbwi hewani. Kawaida ya benga ni kumtaja mtu kwa jina lake, kwao na jamaa zake, hata msikilizaji amwone. Wajaluo wana ada ya kusimamisha ngoma kwa fedha ili mtu ajisifu na kuwasifu awapendao, nao huiita pakruok. Anayejua namna tunavyomtuza mwimbaji arusini hatashangaa.

Ulimi uliozoea kusifu kwa ustadi ndio aliougeuza kuonya. Alitunga visa vya wanyama na vya wafalme wa kale, akichukua hata katika Biblia aliyolelewa nayo, na msikilizaji akajua ni nani anayesemwa. Kwa hivyo akaitwa Mfalme wa Historia. Santuri yake Piny Ose Mer, yaani dunia imelewa, ilitolewa Uingereza mwaka 1989, na hata wasiojua Kijaluo waliicheza.

Sisi tunaye Muyaka bin Haji wa Mombasa. Huyo aliwatungia Mazrui tungo za vita dhidi ya watawala wa Oman, na mkono ule ule ukaandika mashairi ya mahaba. Hatumgawi Muyaka mara mbili, tukachukua vita tukaacha mahaba. Misiani naye astahili haki hiyo. Fumbo lake kali liliingia nyumbani kwa watu kwa sababu walikuwa wameshaizoea sauti yake katika furaha zao. Mgeni angalilisema neno lile, mlango ungalifungwa.

Alifariki kwa ajali ya gari Kisumu tarehe 17 Mei 2006, akiwa na umri wa miaka 66. Aliowasema wengi wao wamekwisha kutoka madarakani, na kila anayeondoka huchukua sehemu ya ukali wa wimbo uliomhusu. Nyimbo za upole hazina hasara hiyo. Tukiziacha zipotee kwa kumtaja Misiani wa gerezani peke yake, tutabaki na fumbo ambalo mwenyewe wa kufumbiwa hayupo.