Daktari Jenner na Maswali ya Wazazi

Wazazi wanapokutana katika semina za chanjo, maswali huwa ni yale yale. Je, chanjo haitamdhuru mwanangu? Kwa nini mtoto mzima atiwe kitu cha ugonjwa mwilini? Maswali haya si mapya, wala si ya kuchekwa. Kwa hiyo twapenda kuwasimulia habari za Edward Jenner, daktari wa Uingereza, aliyeyasikia zaidi ya miaka 200 iliyopita.

Jenner alizaliwa tarehe 17 Mei 1749 katika mji mdogo wa Berkeley, ambako baba yake alikuwa kasisi wa mtaa. Alipokuwa na umri wa miaka 5 alifiwa na wazazi wote wawili, akalelewa na ndugu zake wakubwa.

Siku zile ndui iliua watoto wengi, na waliopona walibaki na makovu, wengine wakawa vipofu. Kinga iliyojulikana ilikuwa kumchanja mtu mzima kwa usaha wa mgonjwa wa ndui, ili augue kidogo tu. Njia hiyo ilitumika Asia na Afrika kabla ya kufika Uingereza. Iliwaokoa wengi, lakini wengine walikufa, na aliyechanjwa aliweza kuwaambukiza jirani zake. Jenner alichanjwa hivyo akiwa na miaka kama 8, baada ya kunyimwa chakula na kutolewa damu hata akadhoofu. Basi hofu ya kuchanjwa aliijua tangu utoto wake.

Alipokua alisomea udaktari London kwa mwalimu John Hunter, aliyemfundisha kujaribu na kupima badala ya kukisia. Kisha akarudi kwao Berkeley. Huko wakulima walisema kwamba mkamuaji aliyepata ndui ya ng'ombe, ugonjwa mwepesi, hapati tena ndui yenyewe. Jenner hakuyadharau maneno ya wakulima. Tarehe 14 Mei 1796 alichukua majimaji ya kidonda mkononi mwa mkamuaji, Sarah Nelmes, akamchanja James Phipps, mtoto wa miaka 8. Mwezi Julai akamtia usaha wa ndui yenyewe, na mtoto hakuugua. Leo jaribio la namna hiyo kwa mtoto lisingeruhusiwa, nasi hatupendi kulificha. Mwaka wa 1798 alitoa kitabu chake, na mwaka huo huo akamchanja mwanawe mwenyewe, Robert, mtoto wa miezi 11, ingawa chanjo hiyo haikushika.

Hapo ubishi ukaanza. Wengine walisema ni dhambi kutia kitu cha mnyama katika mwili wa mwanadamu. Mwaka wa 1802 mchoraji James Gillray alitoa picha ya mzaha, watu waliochanjwa wakiota ng'ombe mwilini. Jenner alijibu wengi kwa barua, tena katika kibanda kilichokuwa bustanini mwake akawachanja maskini bila malipo. Mhubiri Rowland Hill naye aliwachanja watoto wa washarika wake huko London. Wazazi waliona kwa macho yao kwamba watoto waliochanjwa hawakuota mapembe.

Lakini Jenner naye alikosea katika jambo moja. Alidhani mtu akichanjwa mara moja amekingwa maisha yake yote, na baadaye ikaonekana kwamba chanjo huhitaji kurudiwa. Alifariki tarehe 26 Januari 1823, akazikwa katika kanisa la Berkeley.

Baada yake serikali ya Uingereza ilitunga sheria, mwaka wa 1853, ya kuwalazimisha wazazi kuchanja watoto, na waliokataa walitozwa faini. Hasira ikazidi. Mwaka wa 1885 maelfu ya watu waliandamana katika mji wa Leicester, na mwaka wa 1898 sheria ikalegezwa kwa wazazi ambao dhamiri zao zilikataa.

Mtu wa mwisho kupata ndui kwa njia ya kawaida alikuwa jirani yetu, Ali Maow Maalin, mpishi wa hospitali katika mji wa Merca, Somalia, mwezi Oktoba 1977. Alikuwa amekwepa kuchanjwa kwa kuogopa maumivu. Alipona, na mwaka wa 1980 Shirika la Afya Duniani likatangaza kwamba ndui imekwisha duniani. Miaka mingi baadaye Maalin alijitolea katika kampeni ya polio, akiwaeleza wazazi kosa lake mwenyewe, mpaka alipofariki mwaka wa 2013. Wazazi walimsikiliza kwa kuwa alikuwa ameogopa kama wao.

Basi, ndugu zetu, mzazi akisimama katika semina na kuuliza, tusimnyamazishe. Aambiwe kweli yote: kwamba mtoto aweza kupata homa au uvimbe kidogo, kwamba madhara makubwa ni nadra sana, na kwamba surua na polio ni hatari zaidi ya sindano. Nanyi wazazi, ulizeni bila haya, lakini mkiisha kujibiwa msikawie. Chukueni kadi ya mtoto, mwende kliniki.